Daftari Lenye Milango Miwili

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipeleka dukani, huko Mbezi Beach, kununua daftari. Nasema alinipeleka kwa sababu siku hizi mimi ndiye ninayeshikwa mkono. Binti huyu anakwenda ng'ambo kusoma, na amesema kila siku ataandika anayoyaona, ili akirudi asisimulie kwa kubahatisha. Akataka daftari lake nilichague mimi. Nilivimba kichwa, sikufichi. Duka lenyewe lina baridi ya mashine, na madaftari yamepangwa ukuta mzima. Nikachukua moja, nikalinusa. Nikalivuta mgongo kuona kama linalegea. Kisha nikalamba kidole, nikasugua jalada, nikakitazama kidole kwenye mwanga.

Binti wa dukani alinitumbulia macho. "Bibi, samahani, hilo hujalipia bado," akasema kwa adabu. Mjukuu wangu akaufunika uso kwa viganja. Mimi nikacheka mpaka nikatafuta pa kujishikiza, maana aibu ile naijua vizuri. Niliwahi kuivaa mwenyewe, nikiwa bado mtoto mdogo wa shule, katika duka jingine kabisa. Aliyelamba kidole siku hiyo alikuwa bibi yangu, mama yake baba.

Temeke ya wakati wa Mwingereza si hii ya leo yenye malori na kelele. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, baina ya nyumba na nyumba palikuwa na mihogo na minazi, na njia zote zilikuwa za mchanga uliokuchoma nyayo saa sita. Asubuhi ulikuwa unaamshwa na sauti ya mbuzi, na si mbuzi wa kulia, ni ile ya kukunia nazi. Kila ua ulikuwa unakuna. Bibi alikuwa anakuna huku akizungumza na jirani wa pili bila kuonana naye, sauti zikipita juu ya ua wa makuti, na harufu ya vitumbua ikawa inatukuta sisi watoto bado tumejikunja mkekani. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja na kuchota maji, halafu ndipo nioge nivae sare niende shule.

Kwa bibi yangu mimi sikuwa mjukuu tu. Alikuwa ananiita mke mwenzangu, kama bibi wengi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke mwenzangu, mume wetu alikufa akitudai kicheko," alikuwa anasema, akimkusudia babu ambaye mimi sikumwona. Basi tulikuwa tunacheka kwa niaba yake. Bibi alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, na hakuna kitu alichokijua kuliko kanga. Wanawake wa mtaa walikuwa hawaendi kununua doti ya harusi bila yeye. Na jambo moja zaidi ulijue, kwa sababu litatufaa mbele: baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akamfundisha bintiye herufi za Kiarabu. Kwa herufi hizo Bibi alikuwa anaandika Kiswahili chake kitamu kama anavyokizungumza. Herufi za Kizungu hakuzijua hata moja, mimi nikizijua za shule na za chuo pia.

Mwaka huo shangazi yangu, aliyeolewa na fundi wa reli Tabora, alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza na mzazi bila mama yake kando? Haiwezekani. Ni lazima awepo wa kumkanda kwa maji ya moto, wa kumpikia uji wa pilipili manga, wa kumkalisha ndani mpaka arobaini iishe. Bibi akasema anakwenda. Akasema pia kwamba nakwenda naye, kwa sababu vibao vya stesheni vimeandikwa herufi za Kizungu. "Nikishuka pasipo pangu mtanitafutia wapi? Huyu ndiye macho yangu," alimwambia baba. Baba akakubali.

Asiyekubali kirahisi alikuwa mwalimu wangu. Alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye miwani na sauti isiyopanda. Tulimwogopa zaidi kwa sababu haikuwa inapanda. Wasichana shuleni tulikuwa wachache, na kila kiti cha msichana kilikuwa na wengine nje wanaokitamani. Aliponisikiliza akasema kwamba msichana anayetoroka masomo kwa muda huo hawezi kupanda darasa, na huenda hata kiti chake kikachukuliwa. Nikaanza kulia papo hapo. Mwalimu akaniacha nilie, nilipomaliza akanipa sharti.

"Nunua daftari. Andika safari yako kila siku, kuondoka mpaka kurudi. Ukirudi utasimama mbele ya wenzako usome. Ukiniletea safari nzima, utapanda darasa. Ukiniletea nusu, kiti nampa mwingine. Na karatasi za kuchomekachomeka sizitaki, nataka daftari moja."

Kisha akaniuliza, "Nyumbani kwenu nani anajua kusoma, akukumbushe?"

"Baba, Mwalimu," nikajibu. Ndivyo tulivyokuwa tunajibu wote siku zile. Aliyesoma herufi za chuo tu hakuhesabiwa na mtu, wala haikunipitikia kichwani kumtaja.

Basi sasa unaelewa kwa nini daftari lile halikuwa jambo la kuokota dukani na kuondoka. Kiti changu kilikuwa ndani yake. Baba, aliyekuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini, jioni ile ile akaleta daftari jeusi, nene, alilopewa na karani wake, lenye taji la Mfalme juu ya jalada. Nililipenda sana, nikaliona linafanana na mtu mzima. Bibi akalishika kwa ncha za vidole, akalirudisha.

"Hili la serikali, liandikiwe mambo ya serikali. Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Mama, mchagua jembe si mkulima," baba akamtania.

"Na asiyechagua jembe analima kwa meno," Bibi akamjibu. Methali hiyo aliitunga palepale, lakini mtaani petu iliishi muda mrefu baada yake.

Asubuhi yake tukaenda mjini kwa miguu, Chang'ombe mpaka Gerezani na kutokea Kariakoo, Bibi mbele na mimi nyuma, jua likitupiga kisogoni. Hakunipeleka duka la vitabu. Alinipeleka kwa muuza kanga wake, Mhindi mmoja mzee aliyemjua tangu ujana wao wote wawili. Duka lile lilikuwa linauza kanga mbele, na nyuma, kwenye rafu ya juu, palikuwa na taa za chemni, nyuzi, sabuni na madaftari. Harufu yake naisikia hata leo: udi, mafuta ya taa na nguo mpya yenye wanga.

"Nataka daftari," Bibi akasema baada ya salamu ndefu za watoto na wajukuu.

Mwenye duka akashusha moja. Bibi akalikunjua, akalipima kwa mkono, akalinusa. "Toa jingine." Likaja jingine, la shule, jepesi. Bibi akalivuta mgongo na kuona limebanwa kwa pini. "Hizi pini zikipata chumvi ya pwani zitaota kutu, kutu itatoboa karatasi. Nataka lililoshonwa. Toa jingine." Mwenye duka akapanda ngazi tena, akashuka na mrundo mzima, akaumwaga juu ya meza kama anavyomwaga doti za kanga. Watu wakaanza kukusanyika, maana mteja anayechambua ana ladha yake kumtazama.

Mimi nilikuwa nimeshaliona langu. Lilikuwa jekundu, linang'aa, na juu yake pamechorwa ua. Nikalivuta kidogo kidogo mpaka likafika mbele ya Bibi. Akanitazama, akatabasamu, akalamba kidole, akasugua ua lile. Kidole kikatoka chekundu. Akakiinua juu watu wote wakione.

"Linachuja," akatangaza.

"Mama, hii si kanga!" mwenye duka akalia.

"Kama lingekuwa kanga ningekuwa nishakuteta. Kitu kinachochuja mkononi mwangu hapa kivulini, mtoto akikishika kwa jasho ndani ya gari la moshi itakuwaje? Afike Tabora mwekundu kama mwari?"

Duka zima likacheka. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Nilivuta upande wa kanga yake tuondoke, lakini Bibi alikuwa ndiyo kwanza anapata moto. Akauliza lipi lina wanga mwingi, kwa maana kuna kanga zinazosimama dukani zikaonekana nzito, ukizifua zinabaki chandarua. Akashika ukurasa mmoja baada ya mwingine akausugua kwa vidole viwili sikioni, akisikiliza. Akaniambia niandike jina langu kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi ya kufungia sabuni, na kisha kwenye pembe ya kila daftari, nimwambie lipi linapokea bila kukwaruza. Sasa mwenye duka naye akashawishika, akawa anainama nasi kutazama, akisahau kwamba tunamchafulia mali.

Tulilolichagua mwishowe lilikuwa la kijani kibichi, la jalada la kitambaa, limeshonwa kwa uzi mweupe, si nene wala si jembamba. Halikuwa na ua wala taji. Bibi akalifungua likalala mezani bila kujifunga lenyewe, akaniambia, "Umeona? Limekubali kukaa na watu." Akalipeleka puani mwangu, nami nikanusa. Tangu siku ile sijawahi kununua daftari bila kulinusa, na nimenunua mengi maishani mwangu.

Tatizo lilibaki moja. "Kanga ina pindo, ina mji, ina jina," Bibi alisema njiani tukirudi. "Hili lina pindo, ule mstari wa pembeni. Lina mji, hapo pa kuandikia. Jina halina. Nguo bila jina ni tambara." Tulipofika akafungua kasha lake, akatoa kanga yake ya zamani, ya siku ambazo majina ya kanga yalikuwa yanaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Jina lake lilikuwa: Mwenda bure si mkaa bure. Akakata bila kusita, jambo lililomshtua mama yangu, maana kanga ile alikuwa hamkopeshi mtu. Akaketi barazani na sindano akalishonea daftari langu nguo, jina likae juu ya jalada pale linapoonekana.

Akanikabidhi. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikaligeuza. Jina lilikuwa limekaa nyuma. Mbele, mahali ambapo Mwalimu angetazama kwanza, palikuwa na kitambaa kitupu na mafundo ya uzi.

"Bibi, umekosea. Hapa ndipo nyuma."

"Nyuma wapi? Kitabu kinafunguliwa hivi." Akalifungua kutoka kulia, kama msahafu, kama kila kitabu alichowahi kukishika tangu utoto wake. Mimi nikalichukua nikalifungua kutoka kushoto, kama shuleni. Tukatazamana. Machozi yakaanza kunitoka, kwa kuwa daftari lilikuwa moja tu na nguo ilikuwa imeshashonwa kwa mshono wa Bibi, ule usiofumuka. Nilimwona Mwalimu akiligeuza geuza na kuuliza hiki ni kitu gani.

Bibi akalitazama daftari muda mrefu. Niliona amefadhaika, na hilo likaniuma kuliko daftari lenyewe. Halafu uso ukamfunguka.

"Nyumba yetu ina milango mingapi?"

"Miwili. Wa mbele na wa uani."

"Basi na hili lina miwili. Weye pitia mlango wako, mie nitapitia wangu. Tutakutana ukumbini."

"Na wangu ndio wa mbele?"

"Wako wa uani, mke mwenzangu. Wa mbele una jina." Tukagombana juu ya hilo mpaka magharibi, tukicheka, na ugomvi huo haukuisha mpaka anaingia kaburini.

Tulipanda gari la moshi daraja la tatu, na kikapu cha mikate ya mofa, samaki wa kukaanga, vileja, na kalamu mbili za risasi zilizochongwa kwa wembe. Kazi yangu ilikuwa vibao. Kila gari lilipopunguza mwendo nilikuwa natoa kichwa dirishani na kusoma kwa sauti: Pugu! Ruvu! Ngerengere! Bibi naye alikuwa analirudia jina kwa behewa zima, kwa fahari, kama aliyeusimika mji mwenyewe. Kufika Morogoro abiria wengine wakawa hawatazami nje tena, wanamuuliza Bibi, na Bibi ananiuliza mimi. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini mle ndani nilikuwa mtu mkubwa.

Kila jioni, kabla jua halijatuacha, nilikuwa naliweka daftari magotini na kuandika upande wangu: jina la stesheni, watu wake, wanachouza, rangi ya udongo. Saranda niliandika kuku wa kukaanga na mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta. Gulwe niliandika upepo. Nikimaliza nilikuwa namgeuzia Bibi, naye anafungua mlango wake anaandika ya kwake, polepole, kwa herufi kubwa kubwa zilizokaa kila moja na nafasi yake. Abiria mmoja aliyevaa suti akamtazama, akasema, "Kumbe bimkubwa anaandika!" Bibi akajibu bila kuinua kichwa, "Naandika, mwanangu. Kaa vizuri nisije nikakuandika na weye."

Ya Tabora ni mengi, nayo si ya leo. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na shangazi akakaa ndani akakandwa mpaka akanenepa. Mimi niliandika asali, niliandika maembe, niliandika mluzi wa gari la moshi uliokuwa unapita nyuma ya nyumba za reli. Sikukosa hata siku. Arobaini ilipotimia nikaandika kuagana, shangazi akilia mlangoni, na chini yake nikachora mstari tayari kwa safari ya kurudi.

Ule mstari ndio mwisho wangu. Jioni tuliyopanda gari homa ilinikamata, nikaanza kutetemeka kabla hatujauacha mji. Ya njiani siyajui. Nakumbuka paja la Bibi, maji kwenye midomo, na upande wa kanga wenye baridi kwenye paji la uso. Nilipopata fahamu nzuri nilikuwa Temeke, juu ya mkeka wetu, na sauti ya mbuzi ya kukunia nazi inasikika uani.

Kitu cha kwanza nilichouliza ni daftari. Nikalifungua, nikauona ule mstari na chini yake weupe mtupu. Nikalia kwa kwikwi. Kuondoka mpaka kurudi, Mwalimu alisema, na mimi nilikuwa na kuondoka tu. Kubuni nisingeweza: ningeandika nini, nami sikuwa nimeona kitu? Baba akasema atakwenda kumweleza Mwalimu habari ya homa. Bibi akasema, "Eleza, lakini kwanza mtoto ageuze kitabu."

Nikageuza. Nikaingia kwa mlango wa Bibi nikafuata kurasa zake. Zile za mwanzo zilikuwa chache, mistari miwili mitatu kwa siku. Halafu, kuanzia Tabora kurudi, zikajaa. Siku zote zile za homa, huku akinishika mimi kwa mkono mmoja, Bibi alikuwa ameandika njia nzima kwa mkono wa pili. Alikuja nazo mpaka katikati na kuacha ukurasa mmoja tu mweupe baina ya mkono wangu na wake.

Siku ya kusoma Bibi alinisindikiza, miguu yangu ikiwa bado haina nguvu. Akakataa kuingia darasani, akaketi kwenye ngazi ya nje, chini ya dirisha. Nilisimama mbele ya wenzangu nikasoma. Nilisoma vizuri, nakwambia. Nilipofika kwenye ule mstari nikakomea hapo.

"Na kurudi?" Mwalimu akauliza kwa sauti ile ile isiyopanda.

"Nilikuwa na homa, Mwalimu. Kumeandikwa, lakini sikuandika mimi. Kumeandikwa upande wa pili."

"Na nani?"

"Na bibi yangu."

Akanyoosha mkono, akalitazama daftari, akaligeuza upande wenye jina, akatazama zile herufi zisizokuwa zake. Nilijua anachowaza: alisema niandike mimi. Kiti changu nilikiona kwa jicho la pembeni, na nikaona kama kimeshapata mtu. Akanirudishia. "Soma," akasema.

Nikasoma nikisitasita, kwa kuwa chuoni nilikuwa nimezoea kusoma Kurani na sikuzoea kusoma porojo za bibi yangu. Lakini herufi zake zilikuwa kubwa, za kumwandikia mtoto, na mara sauti yake ikaanza kutoka kinywani mwangu.

"Leo mke mwenzangu amelala, hakuna wa kunisomea vibao," nilisoma. "Basi nitaandika kwa macho na pua. Tumesimama pahala pa kuku wa kukaanga. Yupo mwanamke anaita wateja, sauti yake ingemwamsha hata mume wetu kaburini."

"Saranda!" akapiga kelele msichana wa dawati la nyuma. Alikuwa amenisikia nikiitaja katika safari ya kwenda. Darasa likacheka, na Mwalimu hakutukataza. Nikaendelea. Kila stesheni ambayo Bibi hakulijua jina lake, alijua inavyonuka, inavyopigwa na jua, watu wake wanavyovaa, nao wenzangu wakawa wanainua mikono kulitaja jina. Wakalipata la Dodoma. Nikafika mahali wakakwama.

"Hapa upepo umenivua ushungi mara mbili. Watoto wanauza maziwa ya mgando vibuyuni, na kibuyu wanakifuta kwa jani kabla ya kukupa, kwa adabu. Nimenunua, nimemdondoshea mgonjwa wangu mdomoni, ameyameza. Ni kitu cha kwanza kumeza tangu jana. Mungu awape hawa watu wa upepo."

Hakuna aliyeinua mkono, maana upande wangu upepo ule ulikuwa neno moja tu, na hakuna aliyelikumbuka. Nilitazama juu na kumwona Mwalimu amevua miwani.

"Hapo ni Gulwe," akasema. "Hapo ni kwetu."

Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba Mwalimu alikuwa na kwao. Nikasoma iliyobaki: ndizi za Kilosa, mlima wa Morogoro uliojifunga kilemba cha wingu, na Pugu, ambapo Bibi aliandika kwamba upepo una chumvi, na kwamba mgonjwa amefumbua macho akaomba vitumbua. Kisha kukawa hakuna tena, isipokuwa ule ukurasa mweupe.

Mwalimu akalichukua daftari mezani pake. Akachovya kalamu katika wino mwekundu, akaandika kwenye ukurasa ule wa katikati maneno mawili: Safari nzima. Akaweka sahihi yake chini. Halafu akatoka nje, na sisi wote tukakimbilia madirishani.

"Shikamoo, Bibi," alisema, akiinama kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Amesoma huyo?"

"Mmesoma. Anapanda darasa." Akainama zaidi. "Kwetu ni Gulwe. Maziwa yalikuwa mazuri?"

"Mazuri, mwanangu. Ila upepo wenu hauna haya."

Mwalimu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tunamsikia. Mimi pale dirishani kifua kilinijaa mpaka nikaona kitapasua sare. Nilikuwa nimepanda darasa, ndiyo, lakini si hilo lililonijaza. Kesho yake nilipoulizwa tena nani nyumbani anajua kusoma, nilisimama wima nikajibu kwa sauti, "Baba na Bibi."

Nyumba ile ya Temeke haipo, mahali pake pana ghala la vipuri. Duka la mzee wa kanga sasa wanauza simu. Mwalimu alirudi kwao kwenye upepo wake, na Bibi tulimzika kabla bendera haijabadilika. Sauti ya mbuzi asubuhi siisikii tena, nazi zinakunwa kwa mashine sokoni. Daftari ninalo. Uzi haujafumuka, wala ile kanga haijachuja. Kinachoniuma ni kwamba katika nyumba yangu yote, wanangu na wajukuu wangu wenye shahada zao, hakuna anayeweza kuingia kwa mlango wa Bibi. Wanasoma mpaka Safari nzima, wanafunga.

Kule Mbezi Beach tulichukua la rangi ya udongo, lililoshonwa, lisilochuja. Juzi nilikata kanga yangu moja nikalishonea nguo. Mjukuu wangu amelipekua jana akifunga begi, akakuta ukurasa wa nyuma kabisa una mstari mmoja kwa herufi kubwa kubwa.

"Bibi, hapa umeniandikia nini? Mie siwezi kusoma hii."

"Najua," nikamwambia. "Rudi nikusomee."